Maneno Mageni ya Jengo la Nne

Kazi yenyewe, ukiieleza harakaharaka, ilikuwa ya kitoto. Unachukua neno ambalo mpangaji ameliandika kwenye tovuti ya shirika la nyumba, unalipeleka kwenye ukurasa wake. Bomba, ukurasa wa mabomba. Rangi, ukurasa wa rangi. Funguo, ukurasa wa funguo. Yule Msaidizi wa tovuti hakuwa mtu. Alikuwa kisanduku cha maandishi kilichokaa pembeni mwa kioo, na hakujua lolote mpaka afundishwe. Mwalimu wake alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili aliyewahi kukaa miaka kumi na mmoja nyuma ya Dirisha la Tatu akiwasikiliza wapangaji ana kwa ana, hadi dirisha lilipozibwa kwa mbao na yeye akakabidhiwa laptopu. Wenzake ofisini walimwita Kamusi. Jina lilianza kwa utani, likaganda.

Shirika lilikuwa na majengo sita, na katika Jengo la Nne, chini kabisa, namba moja, aliishi baba yake. Alikuwa fundi mwashi mstaafu aliyefiwa na mkewe, mtu wa miaka sabini na mmoja mwenye goti bovu na kiburi kizima. Hakuwa na mtoto mwingine, na Kamusi hakuwa na mzazi mwingine. Kila Jumapili alimpelekea mahitaji ya wiki, kila Jumapili akamsihi ahamie kwake, na kila Jumapili akajibiwa vilevile: "Nihame nyumba niliyoijenga mwenyewe?" Na ni kweli aliijenga. Ndiye aliyewaongoza waashi jengo lile lilipokuwa linapanda, na alipostaafu shirika lilimpa namba moja akae mpaka mwisho wa umri wake.

Sasa, wapangaji hawaandiki kama watu wa ofisi. Kwao bomba halivuji, linakojoa. Taa haiharibiki, inakufa. Choo hakizibi, kinagoma. Msaidizi, maskini, akikutana na neno asilofundishwa alibahatisha tu. Ghorofa ya nne ya Jengo la Nne, namba kumi na saba, palikaa mshonaji aliyejulikana na wote kwa jina la Mama Mapazia, na yeye, kwa kuwa alilelewa akaleleka, alianza kila ujumbe kwa salamu: "Hujambo mwanangu." Msaidizi akamjibu, "Je, unauliza kuhusu kuongeza mtoto kwenye mkataba wako?" Kamusi alicheka hadi machozi, kisha akaona haya. Siku hiyohiyo alimfundisha Msaidizi kuitikia, "Sijambo mama, shikamoo." Kesho yake mama akaandika, "Marahaba. Sasa sikiliza, mlango wangu unanisumbua."

Jedwali la Kamusi lilikuwa na safu tatu: neno, maana yake, jibu na ukurasa wake. Asubuhi alifungua orodha iliyoitwa Maneno Mageni, yaani yale yaliyomshinda Msaidizi tangu jana, akayatafutia makao moja baada ya jingine. Na alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Mtu aliyekaa dirishani miaka kumi na mmoja anajua kwamba anayesema "kuna harufu" ana choo, na anayesema "kuna harufu" mara mbili ana jirani.

Meneja wake alipenda asilimia kuliko chai. Ukutani kwake palining'inia methali kwa herufi za dhahabu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliinunua ikiwa na fremu yake kabisa. "Neno geni ni mpangaji aliyepotea njia," alipenda kusema. "Nataka orodha ile iwe sifuri kabla mwezi haujaisha."

Mwezi huohuo ndipo maneno ya ajabu yalipoanza.

Mwanzoni hayakuwa ya ajabu hata kidogo. Mlango unasugua sakafu: Kamusi akaupeleka useremala. Dirisha limekaza: useremala. Marumaru za jikoni zinaruka zenyewe kama bisi: ukurasa wa sakafu. Bomba limekatika tena palepale: mabomba. Kila ukurasa ulikuwa na fomu yake na kila fomu ilikuwa na fundi wake. Fundi alikwenda, akaranda, akabandika, akaunga, akaweka alama kwamba kazi imekwisha. Hakuna aliyezembea. Hilo ndilo linalotia uchungu hadi leo, kwamba katika mambo haya yote hakuna aliyezembea.

Kisha yakaja yasiyokuwa na pa kwenda. Mtu aliandika kwamba maji ya kudeki yanakimbilia kona moja. Mwingine, kwamba kabati lake linafunguka lenyewe. Mwingine, kwamba mpira wa mtoto ukiwekwa sakafuni hautulii. Na mmoja hakueleza chochote, aliandika maneno mawili tu: "Nyumba inaguna." Kamusi aliinuka, akamfuata Meneja.

"Inaguna vipi?" Meneja aliuliza.

"Hakusema."

"Weka kelele za majirani."

"Na kabati linalofunguka?"

"Samani ni jukumu la mpangaji. Ukurasa si upo?"

"Kuna mwingine anasema nyumba ina shetani."

"Kelele za majirani," alisema Meneja. "Shetani akihamia mlango wa pili naye ni jirani."

Ofisi nzima iliangua kicheko. Kamusi naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia njiani, na hakujua kwa nini.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi orodha ilikuwa tupu. Sifuri. Meneja alileta keki, akasema chanda chema huvikwa pete, na pete yenyewe ikawa cheti cha karatasi chenye jina lake lililokosewa. Kamusi alikipokea kwa mikono miwili. Alifurahi, kwa nini asifurahi? Ila wiki iliyofuata, kila alipofungua Maneno Mageni, alikuta kioo cheupe. Alikuwa amezoea kuianza siku kwa sauti za watu, manung'uniko yao na matusi yao na salamu za Mama Mapazia. Sasa wote walikuwa wanaandika vilevile, tena zaidi, ila kila neno lilikuwa na mlango wake na lilipita bila yeye kulisikia. Alijisikia kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu, na haitikiwi.

Jumapili alikwenda kwa baba yake kama kawaida. Alimkuta amebandua mlango wa namba moja, ameulaza juu ya viti viwili ukumbini, anauranda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Ruka hapo, usikanyage maranda."

"Mlango una nini?"

"Umevimba. Unyevu."

"Unyevu gani baba, na mvua hatujaiona miezi miwili?"

Mzee alipuliza vumbi kwenye makali ya randa. "Basi umenenepa. Umekula sana."

Alicheka, akaweka kikapu chini, akausogelea mlango. Ukingo wa juu ulikuwa umelika upande mmoja kiasi kwamba mlango mzima sasa ulikuwa mshazari, kama shati lililokatwa na fundi mlevi.

"Umeuranda mara ngapi?"

"Hii ya nne."

"Tangu lini?"

"Tangu si zamani."

"Ungeandika kwenye tovuti, wangekuletea seremala."

"Mimi niombe seremala?" Alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Kisha aliuinua mlango, hataki msaada, akaupachika kwenye bawaba zake, akausukuma kwa vidole viwili. Ulifunga kimya. "Umeona," alisema, na Kamusi akamwona akitabasamu. Ila alimwona pia akiukwepa kwa macho ukuta wa nyuma, kama unavyomkwepa mtu uliyemkosea ukikutana naye njiani.



Jumatatu alipokaa mezani alilikumbuka Dirisha la Tatu. Pale dirishani watu walipanga foleni. Mwenye mlango alisimama nyuma ya mwenye bomba, na mbele yao alisimama mwenye marumaru, na kwa kuwa foleni haina siri, walianza kuulizana: hata kwenu? Hata kwetu. Kufika mbele, malalamiko kumi yalikuwa yameshakuwa lalamiko moja lenye vichwa kumi, na karani angekuwa kiziwi ndipo asielewe. Sasa kila mtu aliandika peke yake akiwa amekaa kitandani, na kila mmoja alielekezwa kwenye ujia wake, na ujia wa huyu haukukutana na wa yule. Aliyezikata njia hizo ni yeye, kwa mkono wake, na akapewa keki.

Akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwagiza. Aliyapanga maneno yote ya wiki sita siyo kwa kurasa, bali kwa nyumba. Kumbukumbu zilikuwepo, maana mpangaji huchagua jengo na namba yake kabla ya kuandika; hakukuwa na sababu ya mtu kuzitazama, basi. Jengo la Kwanza lilikuwa na maneno machache, yametawanyika. La Pili machache. La Tatu, la Tano na la Sita, machache. Jengo la Nne lilikuwa na mia mbili na kumi na saba.

Aliyashusha kwa kidole polepole. Karibu yote yalitoka namba tano, tisa, kumi na tatu na kumi na saba. Alizijua nyumba hizo. Zimepandana, moja juu ya nyingine, kwenye kona ya nyuma. Mlango, mlango, dirisha, marumaru, bomba, mlango, kabati, mpira. Na chini yao, kwenye kona hiyohiyo, ikizibeba zote nne, ilikuwepo namba moja, na namba moja peke yake haikuwa na neno hata moja. Kamusi aliyachapisha, akampelekea Meneja.

"Yote yamejibiwa," Meneja alisema alipoletewa karatasi. "Asilimia tisini na tisa."

"Yamejibiwa moja moja. Yasome kwa pamoja."

Aliyasoma, au macho yake yalipita juu yake. "Sasa unataka nini?"

"Mhandisi aende leo. Jengo linalalia kona ya nyuma."

"Mhandisi haendi bila fomu. Fomu iko ukurasa gani?"

Tovuti ilikuwa na kurasa arobaini na moja, na Kamusi alizijua kama anavyozijua chumvi na sukari. Hapakuwa na ukurasa wa jengo linaloanguka. Hakuna mpangaji aliyewahi kuandika maneno hayo, kwa hiyo yeye hakuyatafutia makao, kwa hiyo hakuna aliyejenga makao.

"Hatuna ukurasa huo," alisema.

"Basi omba utengenezwe. Wiki mbili tu." Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimrudishia karatasi kwa upole, na upole ule ulimtisha Kamusi kuliko ukali, kwa sababu aliutambua. Ndio aliomfundisha Msaidizi.

Hakuomba ruhusa. Alichukua laptopu na karatasi, akaondoka.

Baba yake alivaa miwani, akatandaza karatasi mezani. Hakuyasoma maneno, alisoma namba. Alichukua penseli iliyokuwa nyuma ya sikio, akachora mraba pembeni mwa karatasi, akaweka nukta za nguzo, moja moja, bila kusita, kama mtu anayeandika jina lake. Kisha akaweka msalaba kwenye nukta moja.

"Hii," alisema. "Nguzo ya kona ya nyuma."

"Umejuaje?"

Alivua miwani. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, na mzee huyu alikuwa ameyaficha yake miaka thelathini na mmoja.

"Wiki ile saruji ilituishia. Mkandarasi akasema tusisimame, tuzidishe mchanga. Niliambiwa nifanye, nikafanya. Halafu nikaipiga plasta mpaka ikang'aa. Mkaguzi mwenyewe aliipapasa akanisifu."

"Baba."

"Mlango ulipokaza mara ya kwanza nilijua. Nikawa naranda."

Hasira ilimpanda Kamusi. Alitaka kumuuliza ni aibu gani hiyo ya kumkalisha mtu juu ya kaburi lake na la majirani zake, anaranda mlango. Hakumuuliza, kwa sababu karatasi ilikuwa pale katikati yao na maneno mia mbili na kumi na saba, na kila neno alikuwa amelionyesha njia ya kwenda kupotelea.

"Na mimi nimewajibu wote," alisema. "Kwa adabu kabisa."

"Uliambiwa ufanye," mzee alisema, "ukafanya vizuri."

"Inuka tutoke. Sasa hivi."

"Watu kwanza."

Kamusi alifungua laptopu palepale mezani. Jedwali lilikuwa moja kwa majengo yote sita. Hapakuwa na namna ya kuwaambia watu wa jengo moja bila kuwaambia wote. Akachagua safu yote ya majibu, kuanzia bomba hadi shetani, akaifuta. Mahali pake aliweka jibu moja kwa kila neno: "Ukiwa Jengo la Nne, toka nje sasa hivi. Shuka kwa ngazi, usibebe kitu." Akahifadhi. Kurasa zote arobaini na moja zikawa hazina tena njia ya kuziendea.

Haukupita muda namba tisa ikaandika kuhusu bomba. Ikajibiwa. Ikaandika tena, "Nimeuliza bomba." Ikajibiwa vilevile. "Mmelewa huko?" iliandika namba tisa, na mlango wa namba tisa haukufunguka. Nani anatoka nyumbani kwake kwa kuambiwa na kisanduku? Kwa wiki sita kisanduku hichohicho kiliwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kikiwaambia mlango ni mlango na kabati ni kabati.

"Watamsikiliza mtu," mzee alisema. Akaiacha simu yake inachaji mezani, akaanza kupanda ngazi na goti lake.

Katika kila mlango alisema maneno yaleyale. "Mimi ndiye fundi niliyeijenga nyumba hii. Nguzo ya nyuma niliiharibu kwa mkono wangu. Chukua watoto utoke, mengine utaniuliza chini." Mwanamume wa namba tano alicheka, maana alimjua mzee kama mtu wa mizaha, kisha akautazama uso wake vizuri, akaita mke wake. Kamusi alikuja nyuma, anabeba watoto wa watu, anashuka, anapanda tena, na kila alipopanda alimsikia baba yake akijitaja. Ghorofa ya kwanza sauti ilitetemeka. Ghorofa ya tatu haikutetemeka tena, na hilo lilimuuma zaidi. Kwenye ngazi mama mmoja alimtukana tusi zito mbele ya wanawe. "Ndiyo," mzee alimjibu, akampisha apite.

Watu walimiminika uani. Walikuwa wameambiwa wasibebe kitu, na kila mmoja alikuwa amebeba: huyu godoro, yule redio, mwingine sufuria ambayo bado ilikuwa na maji ya moto. Simu ya Kamusi ililia, alikuwa Meneja. Hakuipokea. Alianza kuhesabu nyumba: ishirini, na ya baba yake ikiwemo. Alipata kumi na tisa.

"Mama Mapazia yuko wapi?"

"Alisema anamalizia mshono," alisema mchomelea vyuma wa namba mbili. "Alisema anakuja."

Kamusi aligeuka kumtafuta baba yake, hakumwona.

"Amerudi juu," mlinzi alisema. "Nilimkataza."

Ndipo nyumba ilipoguna. Aliyeandika yale maneno mawili hakuwa ameongeza chumvi. Ilikuwa sauti ya mzee anayeinuka kwenye kiti, nzito, inayotoka chini, na watu wote uani walirudi nyuma kwa mpigo bila kuambiwa. Kamusi alikwenda mbele. Wanawake wawili walimdaka mikono, akapigana nao, wakamshinda. Mchomelea vyuma na mlinzi walitazamana, wakachukua mtaimbo kwenye kibanda cha mlinzi, wakaingia mbio.

Kamusi alipiga simu ya baba yake. Aliisikia ikilia ndani ya namba moja, mlango ukiwa wazi, mpaka ikanyamaza.

Laptopu, aliyoitoa nje pamoja na watoto wa kwanza, ilikuwa chini, kwenye godoro la mtu, imefunguka. Alipoitupia jicho aliona ujumbe mpya, na ulitoka namba kumi na saba. Haukuanza na salamu.

"mimi fundi wa namba moja. mlango wa mama huyu umejifunga nyuma yangu umekwama. simu ni yake mimi namba ya mtu siijui kwa kichwa. tuko wote wawili. mwambieni binti yangu asipande"

Msaidizi alikuwa ameshamjibu: "Ukiwa Jengo la Nne, toka nje sasa hivi. Shuka kwa ngazi, usibebe kitu. Je, nimekusaidia?"

Baba yake alikuwa amebonyeza Ndiyo.

Kamusi aliacha kupigana na wale wanawake, wakamwachia, akapiga magoti kwenye godoro. Namba ya simu ya Mama Mapazia hakuwa nayo, na kumwandikia baba yake hakuweza. Alikuwa na ruhusa ya kusoma tu. Ofisi haikuona haja ya mfanyakazi kuzungumza na mpangaji, na kwa kweli ndiyo sababu Msaidizi alinunuliwa. Alichoweza kufanya ni kile alichokuwa akifanya kila siku. Alifungua jedwali, akafuta jibu lake, akaandika jingine kwa kila neno lililomo na kwa kila neno lisilokuwemo: "Baba, wanakuja na mtaimbo. Kaeni dirishani. Mimi nipo chini, sitapanda." Akahifadhi.

Sasa ilibidi baba yake aandike tena. Neno lolote. Mlango, mama, hata herufi moja ya kukosea ingetosha, jibu lingemfikia. Kamusi alikaza macho kwenye namba kumi na saba, midomo inacheza, anamwomba mtu ambaye hajawahi kumwandikia kitu katika maisha yake amwandikie mara moja tena.

Maneno yalikuja, lakini si yake. Mtu wa Jengo la Sita aliuliza kuhusu rangi ya ukuta, akajibiwa, "Baba, wanakuja na mtaimbo." Mtu wa Jengo la Kwanza alikuwa amepoteza funguo, naye akaambiwa akae dirishani. Jengo la Tatu taa ilikuwa imekufa. Mmoja mmoja, watu asiowajua walipokea ujumbe wake, na baadhi waliandika tena kuuliza ni baba yupi, wakajibiwa vilevile. Hakuweza kuwazuia bila kuliondoa jibu, na hakuthubutu kuliondoa. Ndani, juu, vyuma viligonga mbao. Walikuwa wameufikia mlango. Nyumba iliguna mara ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, na kioo kikaanguka kutoka ghorofa asiyoiona kikapasuka upande wa nyuma.

Upande ule lilikuwepo Jengo la Pili. Mtu wa huko aliyeanza kwa kuuliza bomba aliandika tena.

"Mimi siye baba yako. Ila namwona. Wako dirishani wawili, yule mama amemshika mkono. Anatupungia sisi wa huku tusogee mbali."

Msaidizi alimjibu kwamba wanakuja na mtaimbo, kisha akamuuliza kama amesaidika.